Rudolf Diesel: Mganga Asiyejiganga

Asubuhi ya kipupwe hapa Malindi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza baharini, utasikia sauti moja ikitangulia sauti za motokaa nyingine zote. Ni mngurumo mzito wa kugongagonga, mithili ya kinu kinachotwangwa na mikono isiyokuwa na haraka. Mwenyeji hana haja ya kuchungulia dirishani. Ajua ni Mercedes kuukuu ya dizeli, zile zilizotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 70 na ya 80, ambazo wenyewe huziita kwa tarakimu zao tu, 200 na 240, kama mtu anavyoitwa kwa jina la ukoo.

Magari haya sasa yamebaki machache. Hata neno Wabenzi, lililotungwa huku kwetu Afrika Mashariki kuwasema wakubwa waliopanda magari ya fahari, limepitwa na gari lenyewe. Wakubwa wamehamia kwenye magari mengine, na lile walilosemwa kwalo limebaki kwa wazee waliostaafu, kwa wenye mashamba madogo na kwa watu wa kalamu kama mimi. Leo hubeba madafu na magunia ya korosho, na siku ya harusi huoshwa likabeba bibi harusi.

Ninalo moja, 240, na ndilo lililonitia katika habari hii. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye gereji, chini ya mkilifi, au mwarobaini kama wengine waitavyo, nikingoja fundi amalize kazi. Kijana anayejifunza kwake akaniuliza neno dizeli limetoka lugha gani. Nilitaka kumjibu upesi kwamba ni Kiingereza, nikajizuia. Dizeli si Kiingereza. Ni jina la mtu, mwana wa watu, aliyezaliwa, akaoa, akapata watoto, akatajirika, akafilisika, na mwisho akamezwa na bahari. Twamtaja kila siku kwenye vituo vya mafuta, kwenye mashua na kwenye mashine za kusaga unga, na hatujui kwamba twamtaja marehemu.

Basi, ndugu msomaji, leo tumtazame mtu huyu.

MTOTO WA FUNDI WA NGOZI

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, asili yake ni mji wa Augsburg, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na riziki yake ilikuwa ya leo ipo, kesho haipo. Mtoto Rudolf ndiye aliyetumwa kupeleka bidhaa kwa wateja, akisukuma kigari mitaani. Alipopata nafasi alikimbilia jumba la makumbusho ya ufundi la mji ule, akasimama mbele ya mashine za kale na kuzichora.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani walioishi Paris wakatakiwa waondoke, na familia ya Diesel ikakimbilia London bila ya mali. Huko maisha yalikuwa magumu zaidi. Wazazi wakaona aula mtoto apelekwe Augsburg kwa jamaa zao, kwa ami yake Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Akasafiri akiwa na umri wa miaka 12, peke yake, katika nchi zilizokuwa vitani.

Sisi watu wa pwani twaijua hali ya mtoto anayelelewa kwa jamaa ili asome. Hujifunza mapema kwamba hana pa kurudi isipokuwa mbele. Rudolf alisoma kama mtu anayelipa deni. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba amekata shauri kuwa mhandisi. Akaingia chuo cha ufundi cha Munich kwa msaada wa masomo. Mwaka 1879, ulipofika wakati wa mtihani wa mwisho, akashikwa na homa ya matumbo na kuukosa. Hakukata tamaa. Akaenda Uswisi kufanya kazi kiwandani, akarejea mwaka 1880, akaufanya mtihani na kupasi kwa alama za juu kabisa.

SOMO LILILOMNYIMA USINGIZI

Katika chuo kile alikuwako mwalimu mkubwa, Carl von Linde, ambaye jina lake yafaa likumbukwe na kila anayehifadhi samaki kwenye barafu, kwani alikuwa miongoni mwa waliobuni mashine za kutengeneza baridi. Siku moja mwaka 1878 mwalimu huyu aliwaeleza wanafunzi wake kwamba mashine ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, treni na meli za dunia nzima, ni mashine ya israfu. Katika kila magunia 10 ya makaa yanayochomwa, gunia moja tu au pungufu ndilo linalogeuka kuwa kazi. Mengine tisa hupotea, yamekwenda angani kuwa joto la bure.

Diesel alilichukua somo hili moyoni, na halikutoka tena. Akapata kazi kwa Linde, katika kiwanda cha barafu huko Paris. Mwaka 1883 akaoa, mkewe akiitwa Martha Flasche, na wakajaaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Mchana aliuza na kutengeneza mashine za barafu, na usiku alitafuta mashine isiyokula bure.

Alilolitafuta lilikuwa sahali kulieleza na zito kulitenda. Hewa ikigandamizwa kwa nguvu hupata joto. Atakaye ushahidi na achukue pampu ya baiskeli, azibe tundu kwa kidole, asukume mara kumi, kisha aiguse pampu chini. Watu wa nchi za Malay, jirani zetu wa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, waliitumia siri hiyo tangu zamani kuwashia moto. Walikuwa na kibomba kidogo chenye mchi na kipande cha utambi. Mchi ukigongwa kwa kishindo, hewa iliyomo hubanwa na utambi hushika moto. Diesel alitaka kibomba kile kiwe injini.

Mwaka 1893 akapewa hataza ya fikra yake na akaandika kitabu kuieleza. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumpa chumba, mafundi na chuma, na kampuni ya Krupp ikatoa fedha. Tarehe 10 Agosti 1893 mashine ya kwanza ikajaribiwa. Mafuta yakawaka kweli, lakini kwa nguvu iliyopasua chombo cha kupimia, na vipande vyake vikaruka karibu na vichwa vya waliokuwapo. Mwingine angaliona hiyo ni nuksi. Yeye aliona ni bishara, kwa kuwa mafuta yamewaka bila ya cheche. Tarehe 17 Februari 1894 mashine ikazunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Ikamchukua miaka mitatu mingine kuifanya dakika ile kuwa saa.

Mwezi wa Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich akaja na vipimo vyake. Akaikuta mashine ya silinda moja, yenye nguvu za farasi wapatao 20, na akathibitisha kwamba katika kila mafungu 100 ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta, zaidi ya mafungu 26 yamegeuka kazi. Hapakuwa na mashine nyingine duniani iliyofika hapo. Mashine ile haikuchakazwa kuwa chuma cha kuuza kwa mizani. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Munich.

FEDHA NYINGI, AFYA KIDOGO

Hapo milango ikafunguka yote kwa pamoja. Tajiri Adolphus Busch wa Marekani alinunua haki ya kuitengeneza injini ile nchini mwake kwa mark milioni moja za Kijerumani. Emanuel Nobel akaichukua kwa Urusi. Wengine wakafuata kutoka Ulaya yote. Mtoto aliyesukuma kigari cha ngozi akawa milionea akiwa na miaka 40, akajenga jumba la fahari Munich.

Lakini ndani ya neema ile mlikuwa na kutu. Injini za kwanza zilizouzwa zilitoka mapema kabla ya kukomaa, zikaharibika mikononi mwa wanunuzi, na malalamiko yakamrudia yeye. Wapinzani walidai kwamba fikra si yake. Kesi hazikwisha. Alikuwa akisumbuliwa na kichwa, akashikwa na jongo, usingizi ukamkimbia. Mwishoni mwa mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wake, alilazwa kwa miezi kadhaa katika nyumba ya kutibia watu waliochoka akili.

Alipotoka hakupumzika. Fedha zake akazitia katika ardhi, katika mafuta na katika biashara asizozijua, na alikotia hakukurudi kitu. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kugundua tone moja la mafuta linapotea wapi ndani ya silinda, hakugundua milioni zake zinapotea wapi nje ya silinda. Wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa tamaa tupu. Alitamani injini yake iwe msaada kwa fundi mdogo, mshonaji, seremala na msaga nafaka wa kijijini, wasiokuwa na uwezo wa kununua mtambo mkubwa wa mvuke. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya wafanyakazi kushirikiana na kumiliki kazi zao wenyewe, na alikithamini kitabu kile sawasawa na injini yake. Hakikununuliwa ila na wachache. Leo, katika vijiji vya bara ya Kilifi na Malindi ambako umeme ulichelewa kufika, ni mashine ya dizeli iliyowasagia kina mama mahindi yao kwa miaka mingi. Aliyoyatamani yalitimia, ila hakuyaona.

Jambo jingine la kututia hamu sisi watu wa minazi ni hili. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu, kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujitosheleza kwa mafuta ya mimea yao. Injini ikaenda, na watazamaji wengi hawakujua kwamba haikutiwa mafuta ya ardhini. Diesel mwenyewe, mwaka 1912, alitabiri kwamba mafuta ya mimea huenda siku moja yakawa na umuhimu mkubwa. Lakini asije msomaji akamimina mafuta ya nazi katika tangi lake kwa ajili ya makala haya. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi, kama kila mwenye chupa nyumbani ajuavyo, na mafuta mazito huziba chujio na nozeli.

SAFARI YA DRESDEN

Mwaka ule ule wa 1912 meli ya Kidenmarki iitwayo Selandia ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa injini za dizeli. Bahari zote zikawa zimefunguka kwa jina la Diesel. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameelemewa na madeni, na nyumba yake imewekwa rehani. Nje alivaa vizuri, alialikwa karamuni, alisafiri mpaka Marekani na kushangiliwa. Nyumbani, mkewe hakuambiwa hali halisi.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Uingereza. Alikuwa pamoja na wenzake wawili. Wakala chakula cha usiku, wakatembea sitahani, na saa nne za usiku akaagana nao, baada ya kuagiza aamshwe alfajiri. Asubuhi alipokwenda kuamshwa hakuonekana. Kitanda chake hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa sitahani.

Siku kumi baadaye mashua moja ya Kiholanzi ilikuta maiti ikielea. Ilikuwa imeharibika mno, na mabaharia, kwa desturi yao, walitoa vitu vidogo vilivyokuwamo mifukoni kisha wakairudisha baharini. Mwanawe Eugen alipoonyeshwa vitu vile alivitambua kuwa vya baba yake. Rudolf Diesel alikuwa na umri wa miaka 55, na hana kaburi.

Magazeti ya wakati ule yalijaa uvumi. Wengine walisema ameuawa kwa ajili ya siri za injini za nyambizi, kwani vita vikuu vilikuwa vinakaribia. Wengi wa walioandika maisha yake wanaona kwamba alijitupa mwenyewe kwa uzito wa madeni. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba, akamwomba asiufungue mpaka wiki inayofuata, na ndani yake mlikuwa na fedha taslimu pamoja na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba hapana kitu kilichobaki. Undani wa moyo wa mtu aujua Mwenyezi Mungu. Sisi tuyaangalie yaliyo dhahiri. Mtu alikuwa na deni, akalificha, na waliobaki nyuma wakalikuta lote kwa siku moja.

Waislamu tumefundishwa tangu chuoni kwamba deni la maiti hulipwa kwanza kabla ya mirathi kugawanywa, na kwa hiyo hutakiwa deni liandikwe na lishuhudiwe. Mafunzo haya huonekana mepesi mpaka siku utakapoketi kwenye jamvi la msiba, na mtu usiyemjua akakusogelea taratibu na karatasi mkononi.

KUTOKA MELINI MPAKA MOTOKAA

Alipokufa Diesel injini yake ilikuwa ya viwandani na melini tu. Ilikuwa nzito mno kuingia katika motokaa, kwa sababu mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa na mtambo wa pembeni. Wajerumani wengine wakaendelea na kazi. Katika miaka ya 20 kiwanda cha Benz kikatia dizeli katika lori, na kuanzia mwaka 1927 Bosch wakatoa kwa wingi pampu ndogo ya chuma yenye kupima mafuta kwa tone na kuyasukuma bila ya mtambo ule mzito. Mwezi wa Februari 1936, miaka 22 baada ya safari ya Dresden, Mercedes walionyesha Berlin gari lao 260 D, la silinda nne na nguvu za farasi 45. Lilikuwa miongoni mwa magari madogo ya kwanza ya dizeli kutengenezwa kwa wingi, na walioligombania zaidi ni madereva wa teksi, kwa kuwa halikunywa hata lita 10 kwa kilomita 100.

Kutoka kwa babu huyo ndiko zilikotoka 180, 190, 200 na 240 zilizofika kwetu. Ukoo wa mwisho uliotengenezwa kati ya mwaka 1975 na 1986 ulifikia magari karibu milioni 2 na laki 7, ya dizeli na petroli pamoja. Wenye umri wetu twayakumbuka yakiwa katika foleni ya feri ya Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, yakinguruma taratibu ilhali magari ya petroli yamezimwa kwa kuchemsha.

Siri ya kudumu kwake si uchawi. Ndani ya injini ya 240 hewa hubanwa mpaka iwe kama sehemu moja ya ishirini na moja ya ukubwa wake wa kwanza, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Kwa kuwa mkandamizo ni mkubwa hivyo, kila chuma kilichomo kilitengenezwa kinene. Kwa kuwa hakuna plagi za cheche, unyevu wa pwani hauna cha kulowesha. Na kwa kuwa injini haina haraka, haijili yenyewe. Mwenye kutaka kupita magari yote kati ya Gede na Takaungu atafute gari jingine.

Walakini chuma kinene nacho hufa kikipuuzwa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa masizi, na lazima imwagwe kwa wakati wake, bila ya kusubiri mwezi ujao. Tapeti zirekebishwe, kwani kwa injini hizi hazijirekebishi. Vichujio vya dizeli, ambavyo ni viwili, kidogo na kikubwa, vibadilishwe, maana tone la maji au chembe ya mchanga ikifika kwenye pampu na nozeli, gharama yake ni mshahara wa miezi. Rejeta isafishwe. Hita plagi zikaguliwe, ingawa kwa joto letu hili husamehe makosa.

Adui mkubwa zaidi hakai injinini. Ni chumvi. Upepo wa kusi huileta kutoka baharini usiku kucha, na kwa walio karibu na mashamba ya chumvi ya Ngomeni na Gongoni huja pande zote. Kutu huanzia chini, kwenye vizingiti vya milango, chini ya betri na nyuma ya mataa, mahali asipotazama mtu. Nimeona magari ambayo injini yake ingaliweza kwenda miaka 20 mingine, lakini sakafu imekwisha na abiria anaiona barabara chini ya miguu yake. Dawa yake ni maji baridi mengi, kila wiki, chini kabla ya juu, na rangi ya lami kila mwaka. Anayeosha boneti tu aosha sura.

Na lililokufa halina badala. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililokwisha kutumika zaidi ya miaka 8, hivyo hayatakuja mengine ya rika hili. Spea zatafutwa Mombasa, au Nairobi kwenye maduka ya barabara ya Kirinyaga, au katika gari la marehemu fulani lililoegeshwa shambani likiota majani.

Wengi husema magari haya hayafi. Husimulia habari ya dereva mmoja wa teksi wa Ugiriki, aliyeendesha 240 yake ya mwaka 1976 kwa zaidi ya kilomita milioni 4 na laki 6, na mwaka 2004 ikachukuliwa kuwekwa katika makumbusho ya kiwanda. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini wasimuliaji huacha nusu yake. Injini ilishushwa na kubadilishwa mara nyingi, moja ikifanyiwa matengenezo huku nyingine ikifanya kazi. Gari lile lilidumu kwa sababu alikuwapo mtu asiyeona haya kulifungua na kutazama kilichomo.

DAFTARI

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Amenifundisha kuweka daftari ndani ya gari, na kila linaloguswa huandikwa humo: tarehe, kilomita, oili, vichujio, tapeti. Nina daftari la tatu sasa. Husema kwamba gari lisilokuwa na daftari ni kama mgonjwa asiyejua alimeza dawa gani.

Siku ile ya mkilifi, baada ya kumweleza kijana habari za Diesel mpaka alipopotea baharini, yule mzee akatoka chini ya gari, akajipangusa mikono kwa kitambaa, akaniuliza mara ya mwisho nilipopimwa presha ni lini. Nikatafuta jibu nisilipate. Ningaliweza kumtajia siku iliyobadilishwa chujio la dizeli mwaka juzi, na duka lilikonunuliwa. Nikafikiri pia juu ya deni dogo la duka moja, na jingine la rafiki, ambayo yote yamo kichwani mwangu tu na hapana mwingine ayajuaye.

Nikamkumbuka Bwana Diesel na mkoba wake uliofungwa. Mtu aliyeipa dunia injini isiyojificha ugonjwa wake, kwani dizeli ikiumwa hutoa moshi na kila mtu akauona, aliumwa yeye mwenyewe kwa miaka 15 bila ya kutoa moshi. Angalau mmoja wa waliokula naye chakula cha usiku ule angaliuona, pengine asingalimwacha aende chumbani peke yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali, na niliyoambiwa hayakunifurahisha, lakini yana dawa. Niliporudi nikachukua daftari la gari, nikaligeuza upande wa nyuma, nikaanza ukurasa mpya. Juu nikaandika presha na tarehe yake. Chini nikaandika madeni yangu, ya nani na kiasi gani. Kisha nikampa mke wangu asome.

Alisoma mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akanitaka kalamu. Na yeye alikuwa nayo mawili ya kuandika.